Marehemu Mhandisi Thuranira Mwongera, Aliyepima Kila Kitu

Marehemu Mhandisi Thuranira Mwongera alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, hapa Kaaga, kifungua mimba wa Mzee Salesio Mwongera na marehemu mama Kaari, akafuatwa na Kaberia, yule aliyeketi nyuma karibu na masufuria, ambaye kamati ya mazishi ilitaka jina lake lirukwe, lakini mjane, Wanjira, akakataa, akisema historia isiyo na Kaberia ni ya mtu mwingine.

Alisoma msingi na sekondari papa hapa, akiwasahihisha walimu kabla hawajamaliza sentensi, akaingia chuo kikuu mwaka 1994, akahitimu uhandisi wa umeme Desemba 1998, na walioomba isomwe kwamba alikuwa mpole, tumewasikia, wakae chini.

Mwaka 2003 alihamia Embu, akafungua na Kaberia biashara ya kuunganisha ofisi na shule kwa mtandao wa hewani, ikashamiri hadi Agosti 2013, walipounganisha majengo mawili ya chuo kimoja cha kibinafsi, antena mbili zikitazamana. Siku ya kukabidhi kazi, Kaberia alipima kwa UDP, ambayo ni kama kumwaga mahindi kwenye mfereji bila kuuliza kama gunia la chini linajaa, akasoma kilichotoka tu, megabiti tisini kwa sekunde, naye marehemu akapima kwa TCP, ambamo kila kifurushi cha data lazima kithibitishwe kimefika, na kilichopotea kitumwe upya, akapata kumi na mbili, akamwita mdogo wake mwizi mbele ya mkuu wa chuo, akajibiwa kwamba wivu umemla tangu tumboni mwa mama yao. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja alipima kitu chake, na katikati ya zile antena kulikuwa na tawi la mti wa mukima lililopoteza vifurushi njiani, ambalo hakuna mhandisi aliyeinua macho kulitazama, mpaka kampuni nyingine ikaja na panga, ikalikata, ikapewa kazi. Biashara ikafa hapo, na undugu pia.

Alifunga ndoa na Wanjira Gichovi wa Karurumo tarehe 18 Desemba 2004, wakajaliwa watoto watatu, Mwongera, Kaari na Gichovi, waliokua wakijua kwamba baba mdogo ni mtu wa kutotajwa mezani.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2019, na tangu hapo Kaberia alituma pole kila Jumapili kupitia kwa Wanjira, naye Wanjira akazifikisha, akiinama kitandani, akipewa jibu moja: "Mwambie haijafika." Mtu aliyedai kila kitu duniani kithibitishwe kimepokelewa alifariki Embu tarehe 9 Mei 2022, akiwa ameagiza Kaberia asishike koleo kaburini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kusahihishwa, majirani kwa kuni na maji, na mafundi wenzake waliokuja ingawa aliwatukana karibu wote.

Kuhusu lile agizo, wazee wamekaa nalo wiki nzima, wakalirudisha kwa mjane, na jibu lake lisomwe kama alivyolisema: "Kaberia, salamu zako zilifika, zote, ni yeye alikataa kujibu. Njoo ushike koleo, na usidhani umesamehewa."

Baba Mwongera, pumzika kwa amani, hatungoji jibu.