Kalista Agustino, Siyo Mzee Koroboi

Baba Paroko, ndugu wa ukoo, majirani zetu wa Makanyagio, wanakikundi, na nyie wote mliotoka Kasekese, Katumba na Mamba kwa baiskeli na kwa malori ya mpunga, familia imenituma nisome habari za maisha ya mpendwa wetu kabla hatujambeba kwenda makaburini, nami nawaomba mtulie mpaka mwisho, kwa sababu tangu juzi hapa msibani kuna maneno, na familia imeona maneno hayo yasijibiwe jikoni wala nyuma ya turubai, yajibiwe hapa mbele ya jeneza. Wapo waliokuja kumzika Mzee Koroboi, tena wamemletea koti lake, fimbo yake na ndevu zake za katani ili vilazwe juu ya sanduku. Sisi tunamzika Kalista, na tunaomba kwanza mmjue.

Marehemu Kalista Agustino Lusambo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kijiji cha Kasekese, hapa Wilaya ya Mpanda, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Agustino Lusambo, ambaye ametangulia mbele ya haki, na Mama Marsela, ambaye amekaa pale mkekani na hajatia kitu mdomoni tangu Alhamisi. Alisoma shule ya msingi palepale Kasekese kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akiwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kunyamaza, kiasi kwamba mwalimu wake alimhamisha madawati yote ya darasa na kila alipofika palizuka kicheko. Mwaka 1978 alikwenda kwa masista wa Karema kujifunza ushonaji, akahitimu mwezi Novemba 1979, na mwaka uliofuata alikuja mjini kwa shangazi yake hapa Makanyagio, akaweka cherehani barazani, na wengi wenu mlioko hapa mmewahi kuvaa sare ya shule au gauni la komunyo lililopita mikononi mwake.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Thadei Yotham, fundi seremala, mzaliwa wa Mamba, na Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao ni Evodi aliyezaliwa mwaka 1983, Marsela aliyezaliwa mwaka 1986 na kupewa jina la bibi yake, na Dorice aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1992, ambaye habari zake zitakuja mahali pake.

Mwaka 1988 marehemu alijiunga na kikundi cha maigizo cha Makanyagio kilicho chini ya Mwalimu Leonidas, kwanza kama mshonaji wa mavazi, baadaye kama mkamwana wa Mzee Koroboi, yaani yule mwanamke anayeingia na sahani ya ugali, anafokewa, anatoka. Mzee Koroboi hana haja ya kutambulishwa kwenu, lakini kwa faida ya wageni waliotoka mbali, ni yule mzee bahili wa kwenye michezo ya afya, anayeona hata mwanga wa taa ni hasara, anayekataa mjukuu wake asipelekwe zahanati kwa sababu mizizi ipo bure, na mwisho wa mchezo mtoto anapozidiwa, mzee mwenyewe anaanguka chini na kulia, watu wanavunjika mbavu, na kesho yake kina mama wanapeleka watoto kliniki. Mzee huyo alichezwa kwa miaka mingi na Ndugu Telesphor, na mwezi Aprili 1991 Telesphor alipata kazi ya reli akahamia Tabora, wanaume wa kikundi wakajaribiwa mmoja baada ya mwingine, mmoja akacheka katikati ya maneno, mwingine akasahau, wa tatu akawa mzee kweli badala ya kuigiza, ndipo Mwalimu Leonidas alipomgeukia mshonaji aliyesimama na sahani yake ya ugali, ambaye alikuwa anayajua maneno yote kwa sababu ya kuyasikia akifokewa, akamwambia avae koti.

Siku ya Sabasaba mwaka 1991, uwanjani, alitoka mbele yenu kwa mara ya kwanza akiwa na ndevu, na kwa kuwa tumeamua kusema kweli, tuseme na mlivyompokea. Alipigwa magunzi ya mahindi, wengine walisimama wakageuza migongo, wengine walikaa mpaka mwisho kwa shabaha moja tu, kuona kama ndevu zitadondoka, na sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za wanawake wenzake, waliokuwa wanaita, "Shangazi, rudi jikoni, ugali unaungua!" Kwenye ukuta wa kilabu cha pombe vijana waliandika kwa mkaa kwamba Koroboi amezimika, mzee mmoja wa mtaa huu akaapa kuwa mwanamke akivaa ndevu mvua itachelewa, na mvua ya mwaka ule ilipochelewa kidogo akazunguka nyumba kwa nyumba kukumbusha. Ndugu Thadei naye kilabuni hakupewa nafasi, aliulizwa kila jioni kama asubuhi anamwamkia mke wake shikamoo, na akajibu kwa kucheka, lakini nyumbani alimwomba mke wake aache. Kalista alipiga moyo konde, akasema ataacha akishindwa, na bado hajashindwa.

Ikafika tarehe 12 Oktoba 1991, kikundi kikaalikwa Kasekese, kijijini kwao, na mpaka siku hiyo marehemu alikuwa anaiga kilio cha Telesphor, kile cha kwikwi za juu juu kama jogoo aliyebanwa mlangoni. Akiwa ameanguka chini mbele ya watu waliomlea, kilio cha Telesphor kikagoma kutoka, na mchezo ukiwa ungali unamsubiri alilia anavyolia yeye, kwa sababu hakuwa na kilio kingine, akivuta pumzi kwa ndani mpaka mabega yanapanda, kisha sauti inatoka chini, inapanda, inakatika kabla ya kufika, inaanza upya. Uwanja mzima ukalipuka, watu wakacheka huku wanafuta machozi, wakamrudisha alie tena, na tena, na siku ile mkampenda.

Tangu hapo hamkumwachia. Telesphor aliporudi likizo mwaka 1993 akavaa koti lake la zamani kwa utani, mlimzomea mkamwambia hajui kulia kama Koroboi. Kalista alikuwa hawezi kununua nyanya bila kuombwa akohoe, nyumba ya Ndugu Thadei ikawa inaitwa kwa Koroboi, watoto wake shuleni wakaitwa wajukuu wa Koroboi, na katika jumuiya yetu ndogo, zamu yake ya kuongoza sala ilipofika, alisema "Kwa jina la Baba," na waumini wakaangua kicheko, akakaa chini, zamu ikapita kwa mwingine na haikurudi kwake. Alimwomba Mwalimu Leonidas ampe tena nafasi ya mkamwana, au ya nesi, au hata ya jirani asiye na maneno, akapewa unesi jioni moja kule Katumba, na alipotokea na gauni jeupe watu waliita Koroboi, Koroboi, mpaka ikabidi akavae ndevu.

Tarehe 19 Machi 1996, siku ya Jumanne, mtoto wao Dorice alifariki kwa malaria akiwa na umri wa miaka minne, na tunapenda ieleweke kwamba mama yake hakuchelewa, alimpeleka hospitali siku ileile homa ilipoanza, akakaa naye mpaka mwisho. Mwili ulipoletwa nyumbani, Kalista, ambaye ndugu walikuwa wamemtanguliza kurudi, alitoka mlangoni, akaanguka hapahapa kwenye ua huu, akavuta pumzi mabega yakapanda, akalia, na nyie waombolezaji mlicheka. Hatusemi kwamba mlikuwa na roho mbaya, wengi mliziba midomo kwa khanga, wengi mliona aibu palepale, na wapo waliokuja baadaye kuomba radhi na familia ilipokea, ila kicheko kilikuwa kimeshatoka, mama aliyefiwa alikisikia, akanyamaza, akasimama, akaingia ndani. Mtoto wake alizikwa yeye akiwa ameuma upindo wa kitenge, na kuanzia siku hiyo nyumbani kwake hakuna aliyemsikia akilia tena.

Baada ya arobaini alimpelekea Mwalimu Leonidas koti likiwa limefuliwa na kukunjwa, akamwambia amemaliza. Mwezi uliofuata ilikuwa kampeni ya chanjo ya surua, gari la matangazo likapita vijijini bila Koroboi, kina mama wakaja wachache, na watu wa afya wakafika hapa barazani wakakaa kwa adabu, wakamweleza kuwa hawamlazimishi, ila watoto watakaokosa chanjo ni watoto kama Dorice. Ndugu waombolezaji, mtu angewajibu nini watu hao? Alichukua koti lake. Akaenda Mamba, akaenda Karema, akaenda Mishamo, akaanguka chini kila kijiji mbele ya mtoto wa kuigiza aliyelazwa mkekani, akalia kilio chake chote, cha Dorice wake, kwa sababu pale jukwaani ndipo mahali pekee alipoweza kukitoa bila mtu kushangaa, na kila alipokitoa mlicheka, na watoto wakachanjwa. Alimwambia mume wake maneno ambayo familia imeruhusu niyaseme, kwamba anajiona kama amefungiwa ndani ya yule mzee, anagonga, na walioko nje wanadhani anapiga ngoma.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu chini ya kitovu katikati ya mwaka 1997, lakini hakumwambia mtu, maana kuugulia kwake kulikuwa na sauti, na sauti yake alijua mwisho wake nini. Wateja walimwona ameinama juu ya cherehani wakadhani anatafuta sindano, Ndugu Thadei aliuliza akaambiwa ni uchovu, na jukwaani alipojishika tumbo mlipiga makofi mkiona mzee ameongeza manjonjo. Mwezi Februari 1999 alianguka sokoni, akapelekwa hospitali hapa mjini, kisha kwa treni kupitia Tabora hadi hospitali ya rufaa Mwanza, ambako iligundulika kuwa ni saratani ya kizazi, na madaktari wakasema kwa masikitiko kwamba ingewahi kusikika ingetibika. Alirudishwa nyumbani tarehe 20 Aprili, akauguzwa na mama yake mzazi, na tarehe 3 Juni 1999, siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Ameacha mume, watoto wawili na mama.

Sasa nafika kwenye lile la jana. Mwili ulipotolewa ndani kuagwa na ndugu, wanakikundi wakiwa na nia njema walivalisha kijana koti la Koroboi, akaanguka mbele ya jeneza akalia kile kilio ili kumuenzi, wengi wenu mkatabasamu, na baadhi mkaitikia. Mama Marsela aliinuka mkekani, mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu hata siku ya harusi yake, akamshika kijana yule begani, akamvua koti taratibu kama anavyovuliwa mtoto aliyelowa, akawageukia akasema, "Nyie mnasema ni kilio cha Koroboi. Mimi huyu nimemzaa, nimemlaza mgongoni, huyo ndo mwanangu alikuwa analia. Miaka yote hiyo alikuwa analia kweli." Familia haina la kuongeza juu ya hapo, isipokuwa kwamba koti, fimbo na ndevu vimerudishwa kwa Mwalimu Leonidas, na msalabani limeandikwa jina alilobatizwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Mpanda na wa Mwanza, Baba Paroko na jumuiya, majirani mliochota maji na kupika tangu Alhamisi, Mwalimu Leonidas na wanakikundi wote, Ndugu Telesphor aliyesafiri kutoka Tabora, na mashabiki, ndiyo, na nyie mashabiki, kwa sababu mlimpenda kwa namna mliyoijua. Hatuwezi kumtaja kila mmoja. Tunawaomba jambo moja tu, kwamba jeneza likiinuliwa hapa, atakayetaka kulia alie, alie mpaka achoke, lakini alie kwa kilio chake mwenyewe. Hiki kingine tunamzika nacho mwenyewe.

Kalista binti Agustino, mama Evodi, pumzika sasa, hakuna anayekusubiri ulie.