Daktari Nyamvula na Macho ya Mafundi wa Magongo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo tunamkumbuka Daktari Judy Nyamvula, aliyetutoka wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Daktari wa macho, hapa hapa Magongo. Wengi wenu mmekaa kwenye kiti chake, msijifanye hamkijui.

Mnaijua desturi yetu Changamwe. Fundi wa weldi akiamka na jicho jekundu, husema, "Moto wa weldi umenipiga." Anakata kiazi kibichi, anabandika jichoni, analala. Mara nyingi jicho hutulia, ndiyo maana tunakiamini kiazi kuliko daktari.

Basi Lenox, fundi wa mageti, alilibandika viazi jicho la kushoto wiki nzima. Wenzake wakamcheka: "Fundi mzima, walilia jicho?" Alipofika kwa Nyamvula, la kushoto lilikuwa linaona ukungu mtupu. Na la kulia lilikuwa limeanza kuona vitu kama masizi yanayoelea.

Nyamvula akamtia matone ya kupanua mboni. Akavaa taa yake kichwani, akachungulia hadi kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Macho yote mawili yalikuwa na mabaka meupe pembezoni. Moto wa weldi hauachi mabaka kama yale.

"Lenox, uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Utotoni, daktari. Kwani?"

"Virusi vyake hujificha mwilini. Nashuku ndivyo vinavyokula macho yako. Nataka nichote maji kidogo jichoni kwa sindano, yakapimwe."

"Sindano jichoni! Daktari, mimi nina watoto!"

"Nami nataka uwaone."

Akakubali. Majibu yangechukua siku kadhaa, na Nyamvula hakuyangoja. Alimwanzishia dawa ya virusi kwenye mshipa siku ile ile, kwa sababu ugonjwa ule hausubiri maabara. Majibu yakaja: ni virusi vya tetekuwanga kweli. Jicho la kulia likaokoka. La kushoto halikurudi. Narudia, wapendwa: moja liliokoka, moja halikurudi.

Binti wa Nyamvula, Dama, aliniambia hivi: "Watu walimsifu kwa la kulia. Mama akawa analiwaza la kushoto. Hata mezani, chakula kinapoa, anauliza, 'Mbona hakuja mapema?'"

Naye Lenox alisimama matangani akasema: "Kila nikienda kwake alinipa pole kwa jicho lile. Kosa langu mimi, pole anatoa yeye. Nilitaka kumwambia, mama, yaishe. Sikumwambia."

Nilishindwa kujizuia, nikalia.

Mzee Matthew, mume wa marehemu, nawe Dama, na jamaa wote, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki tuwaze kidogo. Nyamvula aliweza kuona kilichojificha nyuma kabisa ya jicho. Hakuweza kumwona mgonjwa aliyebaki nyumbani kwa kuogopa kicheko chetu.