Chirag wa Risasi na Safari Zake za Ubaruku

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, mkaja kusimama nasi hapa Iringa, familia ya marehemu Chirag Vithaldas inawaomba masikio yenu, na inawaomba radhi mapema, kwa sababu historia hii haitakuwa kama zile mlizozoea kusikia misibani, ambako kila marehemu alikuwa mpole, mcheshi na hakuwahi kumkosea mtu. Marehemu mwenyewe, alipokuwa bado na uwezo wa kusema, alituachia agizo kwamba jambo la Ipyana lisomwe, tena mbele za watu, na kwamba asiyetaka kulisoma asishike karatasi hii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 mjini Mbeya, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Vithaldas, aliyekuwa na duka la vitambaa kule Mbalizi. Alisoma shule ya msingi Mbeya kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akaletwa Iringa kwa baba yake mdogo, akasoma sekondari hapa mjini kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, na mliosoma naye, maana wengine mpo hapa, mnajua kwamba hesabu alizipenda, mpira ulimkimbia, na Kihehe alianza kukijua kwa matusi, salamu zikafuata baadaye. Darasani humo ndimo alimokutana na Bwana Saulo, ambaye leo amekaa pale mbele, wakawa marafiki wa kushibana.

Mwaka 1981 aliingia kazini katika duka la baba yake mdogo, lililouza misumari, rangi na mabati upande mmoja, na upande wa pili, nyuma ya wavu wa chuma, bunduki na risasi kwa wenye vibali, na mwaka 1994 mzee alipostaafu duka likawa mikononi mwake. Hapo ndipo watu walipopata la kucheka, maana muuza risasi huyu hakuonja nyama tangu azaliwe, hata yai halikuvuka kizingiti cha nyumba yake, na wawindaji wakambatiza jina la Mzee Choroko, jina ambalo wala hakulichukia. Walipomuuliza inakuwaje mtu asiyekula swala anauza risasi ya kumuulia swala, alijibu kwamba swala atapigwa tu, Chirag awepo asiwepo, na kazi yake yeye ni kuhakikisha kwamba akipigwa anakufa palepale, haendi kulala porini na tumbo wazi akingoja fisi.

Kwa ajili hiyo alikuwa na desturi ambayo hakuna mteja aliyeikwepa, awe mkulima wa Pawaga au mkubwa wa ofisini, kwamba huwekewi boksi la risasi mezani mpaka umemjibu unakwenda kumpiga mnyama gani, utampiga ukiwa umbali gani, na nani atamfuata asipoanguka. Ukitaja swala pala alikupa risasi nyepesi, ukitaja kongoni au tandala alikupa nzito zaidi, ukitaja pofu, mwenye mwili kumshinda ng'ombe, alikutaka urudi na bunduki kubwa, na kwa wanyama wote hao alishikilia risasi ya ncha laini, ile inayochanua ikiingia mwilini na kumaliza kazi humo humo. Risasi ngumu, isiyochanua, aliiweka peke yake rafu ya juu, akisema hiyo ni ya nyati, mwenye ngozi nene na mifupa mizito, na kwamba ukimpiga nayo mnyama wa ngozi nyembamba itapita kama sindano kwenye kitambaa, mnyama aondoke mbio huku wewe umesimama unajisifia shabaha.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na Nirmala hapa Iringa, na kwa kuwa siku hiyo ni Sikukuu ya Uhuru, kila mwaka alimtania mkewe kwamba nchi nzima imepewa mapumziko kwa heshima ya ndoa yao. Walijaliwa mtoto mmoja, Bijal, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1992, ambaye sasa ni mwalimu, na kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume, Bijal ndiye atakayewasha moto wa kuuchoma mwili leo mchana, kama baba yake alivyotaka, na wazee wetu wameridhia.

Sasa tufike mahali panapouma. Alhamisi, tarehe 18 Agosti 2022, Bwana Saulo, ambaye wakati huo alikuwa na biashara ya mbao Mafinga, alifika dukani na kibali cha kumwinda palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, kibali kilichokuwa kinaisha Jumapili, na marehemu alipofungua kabati alikuta risasi za ncha laini za bunduki ya Saulo zimekwisha, mzigo mpya umekwama bandarini ukingoja ruhusa, zimebaki ngumu tu. Alimwambia aache, safari hiyo haipo. Saulo akambembeleza, akamkumbusha walikotoka, akasema kibali kingine atakingoja mwaka mzima, na marehemu, mtu aliyewahi kuwarudisha mikono mitupu watu wenye vyeo, akanyoosha mkono rafu ya juu, akaweka boksi mezani, akasema, “Basi lenga mfupa wa bega, Saulo, usilenge pengine, hii bila mfupa haisimamishi kitu.” Ushauri ulikuwa sahihi, boksi ndilo halikuwa sahihi, na alilijua hilo mkono wake ukiwa bado umelishika.

Jumamosi asubuhi, tarehe 20 Agosti, katika misitu ya Chunya, palahala dume aligeuka kidogo wakati risasi inatoka, ikapita nyuma ya bega, ikatokea upande wa pili, na mnyama akakimbia kana kwamba hakuguswa. Mnyama aliyejeruhiwa haachwi, hiyo ni kanuni ya wawindaji wote, na aliyetangulia kufuata damu alikuwa Ipyana, mtafuta nyayo kutoka Ubaruku, mume wa Atuganile, mtu aliyewaongoza wawindaji kila mwaka baada ya mavuno ya mpunga. Palahala alikuwa amejilaza kichakani, akainuka, akamchoma kwa pembe zake, na Ipyana akafariki njiani akikimbizwa hospitali. Polisi walichunguza, maofisa wa wanyamapori walichunguza, vibali vyote vilikuwa halali na hakuna aliyeshtakiwa.

Tangu siku hiyo Chirag tuliyemjua hatukumwona tena. Tulimwambia hana kosa, majirani wakamwambia hana kosa, polisi wenyewe walimwambia aende nyumbani akapumzike, naye alitusikiliza wote kwa adabu, kisha mwezi Oktoba akakabidhi leseni na risasi zote kituoni, akafunga duka, akawa anashinda barazani na sahani ya chakula magotini mpaka chakula kinapoa, midomo ikicheza, na ukimsogelea unamsikia anasema, “Nilimwambia bega. Si nilimwambia bega?” Nirmala akimjibu kwamba ndiyo, ulimwambia, alimtazama kama mtu aliyedanganywa.

Bwana Saulo alikwenda Ubaruku mara tu baada ya mazishi ya Ipyana, akapiga magoti mbele ya Atuganile, wakalia wote wawili, na mama yule akamwinua na kumsamehe, nasi tukashukuru, na marehemu akapata matumaini kwamba na kwake itakuwa hivyo hivyo. Alipanda basi, akamkuta Atuganile kazini kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba zimemjaa kichwani, akasimama pembeni mpaka mashine ikazimwa, akaomba msamaha kwa maneno aliyoyarudia tangu Iringa, na jibu alilopewa alituletea nyumbani neno kwa neno, nasi tunalisoma kama lilivyo. “Baba Bijal, Saulo nimemsamehe, yeye alikuwa hajui. Hata mimi nilikuwa sijui kama risasi zina aina. Wewe ulijua. Ulijua ile siyo ya mnyama yule, ukampa. Sasa nikikusamehe, wewe utaenda kulala usingizi. Mimi nitalala na nani?”

Marehemu hakulibishia jibu hilo hata mara moja, ila alishindwa kuishi nalo, akawa anarudi Ubaruku, masika na kiangazi, anakaa kwenye benchi la nje ya mashine na wanawake wanaopepeta, anaambiwa karibu, anapewa maji, anaulizwa habari za Iringa, lakini lile moja alilolifuata halipewi, na jioni anarudi stendi kama alivyokuja. Nirmala alikwenda, Bijal alikwenda, wakakaribishwa vizuri na kurudi mikono mitupu. Wapo kati yetu tuliomkasirikia Atuganile, tukasema ana roho ngumu, na ni marehemu aliyetugombeza, mtu ambaye hakuwa akigombeza, akatuambia kwamba yule mama peke yake ndiye aliyemheshimu, kwa sababu wengine wote tunamchukulia kama mgonjwa na yeye anamchukulia kama mtu mzima aliyefanya jambo akilijua. Tuliposikia hivyo tulikata tamaa, tukajua hatuna dawa ya kumpa.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 2010, na alikidhibiti vizuri mpaka mwaka ule wa 2022, alipoanza kuacha dawa, tukawa tunambembeleza kama mtoto, anameza leo, kesho anatema. Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025, akiwa kwenye benchi lile lile Ubaruku, alipata kiharusi, akaanguka, na aliyemdaka kabla hajafika chini ni Atuganile, aliyesimamisha gari la mpunga barabarani, akakaa nyuma juu ya magunia, akampakata kichwa mpaka hospitali Mbeya, akamkabidhi kwa wauguzi, akamngoja Nirmala mpaka alipofika, kisha akaondoka. Mgonjwa hakuweza kusema tena, lakini macho yalikuwa hai, na kila mlango ulipofunguliwa aliyageuza kutazama ni nani anayeingia, akiona ni sisi anayarudisha kwenye dari.

Jumatatu jioni, tarehe 10 Februari, daktari alipotuambia tujiandae, Nirmala alishindwa kuvumilia, akampigia simu Atuganile, akamwomba kwa jina la Mungu aseme neno moja tu, hata kama ni la uongo, simu iwekwe sikioni mwa mgonjwa apate kuondoka. Tulimsikia Atuganile analia, kisha akasema, “Mama Bijal, nimejaribu. Siwezi kumdanganya mtu anayekufa.” Simu ilikuwa imewashwa spika na iko tayari sikioni mwa marehemu, na alisikia. Alifariki Jumanne alfajiri, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ameacha mjane na mtoto mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopika, mlioleta viti na mlioshinda nasi tangu jana, wafanyabiashara wenzake mliofunga maduka leo, wawindaji mliokuja kumsindikiza Mzee Choroko wenu, na Bwana Saulo, ambaye hajatoka pembeni mwa jeneza na ambaye tunamwomba leo ale chakula. Wa mwisho, lakini kwa uzito kuliko wote, tunamshukuru Atuganile, ambaye hayupo hapa, aliyempakata ndugu yetu njia nzima juu ya magunia. Hakusema kwamba amemsamehe, na sisi hatutamwekea maneno mdomoni ili shughuli yetu ya leo iishe vizuri.

Desturi inatutaka tumalize kwa kumwambia marehemu apumzike kwa amani, na tumekaa kama familia, tukajiuliza tutamwambiaje amani wakati tunajua alikufa bila hiyo. Kwa hiyo, Chirag, pumzika tu. Amani tutakwenda Ubaruku kukutafutia sisi.