Mahindi Matatu Mlangoni kwa Bi Mwanapili

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaikum, na kwa wale wa salamu nyingine, hamjambo nyote. Kama una jembe mkononi, liweke chini kidogo. Kama uko jikoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka Bi Mwanapili binti Rai, mkulima wa Waa, aliyetutoka mwezi wa nne mwaka huu akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Nalirudia jina kwa anayefungulia redio sasa hivi: Bi Mwanapili Rai, wa Waa. Mimi ni Subira Chome, na nakiri mapema kwamba habari hii nimeirekodi mara mbili, maana mara ya kwanza sikuimaliza.

Bi Mwanapili hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alikuwa na nyumba ya udongo na mabati, mwendo wa dakika kumi kutoka barabara ya Likoni kwenda Ukunda. Alikuwa na mbuzi sita, kuku waliolala popote walipopenda, na shamba dogo la mihogo, kunde na mahindi. Mumewe, mzee Tsuma, alifariki zamani. Mwanawe wa pekee, Abdulaziz, ni mwokaji mikate katika hoteli moja huko Diani. Na kati ya wale mbuzi palikuwa na beberu aliyeitwa Karani. Mwenyewe Bi Mwanapili alisema alimpa jina hilo kwa sababu aliingia nyumba ya kila mtu na kukagua kila kitu.

Huyo Karani atarudi katika habari hii. Mvumilieni.

Kilichomfanya Bi Mwanapili ajulikane Waa nzima ni mbegu. Kila mwaka, kaskazi inapoelekea kwisha na vumbi linaingia mpaka kwenye chai, watu walikwenda kwake kuomba mbegu. Si mbegu ya dukani. Ni mdzihana, mahindi yetu ya kienyeji, aliyopewa na mama yake, naye mama akapewa na mama yake. Aliyaweka jikoni, kwenye uchaga wa fito ulio juu ya mafiga, yakining'inia na maganda yake. Moshi wa kuni uliyapaka weusi mwaka mzima, na wadudu fukusi hawakuyagusa.

Hakuuza hata punje. Sharti lake lilikuwa moja tu. Ukivuna, hindi moja zuri la mavuno yako lilete, lining'inize kwenye msumari wa mlango wake, kisha uende zako. Hakuna kubisha hodi, hakuna asante. Nalirudia sharti hilo, maana mbele tutalihitaji: hindi moja, mlangoni, kila mwaka.

Dada yake mdogo, Bi Zainabu, aliniambia hivi: "Mama yetu alikuwa akituambia, hii mbegu si yenu, mmewekeshwa. Mimi nilikuwa nikicheka. Mwanapili hakucheka. Tangu usichana wake, ukimpa kitu akuwekee, wewe utasahau, yeye hasahau."

Miaka miwili iliyopita kifua kilianza kumsumbua. Daktari akamwambia wazi: moshi basi. Abdulaziz alipokea mshahara, akanunua meko na mtungi wa gesi Ukunda, akauleta kwa bodaboda ameukumbatia njia nzima. Mama alimwombea dua ndefu. Alipika kwa gesi, chai ikachemka upesi, akaisifu.

Lakini mwana alipogeuza mgongo kurudi kazini, mama aliwasha kuni. Hakupika chochote. Aliketi penye mlango wa jiko, leso puani, akikohoa, akiyafukizia mahindi yake.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Abdulaziz alikuja siku ambayo hakutarajiwa. Akauona moshi kabla hajaiona nyumba.

"Mama, unataka nikuzike?" alimuuliza.

"Nataka zisiliwe na wadudu."

"Ni mahindi, mama! Mahindi yanauzwa kila duka!"

Akaumwagia moto maji. Akayabingirisha mafiga yote matatu mpaka nyuma ya zizi la mbuzi, akayaacha huko vichakani.

Wasikilizaji wapendwa, mimi simlaumu. Mwenye mama anayekohoa damu usiku na mchana atanielewa. Abdulaziz aliyapigania maisha ya mama yake, na hakuna mwana mwema asiyefanya hivyo. Ila hakuuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili zake akae akijiumiza vile. Na Bi Mwanapili hakuwasha moto tena. Aliyapaka mahindi jivu lililobaki. Jivu nalo likaisha, maana gesi haina jivu.

Miezi saba ikapita. Ulipoingia mwezi wa tatu mwaka huu, Bi Mwanapili alikuwa hatoki kitandani ila kwa kushikwa mkono. Hospitali ilimrudisha nyumbani. Abdulaziz akaomba likizo aje kumuuguza. Asubuhi moja mama akamwita.

"Baba, nishushie mbegu. Nataka ziingie ardhini kabla ya mvua."

Huku kwetu wakulima wa zamani hupanda kavu. Hawangoji mvua inyeshe. Mbegu hutangulia ikaingoja mvua ndani ya vumbi.

Abdulaziz akapanda juu ya kigoda, akanyoosha mkono uchagani, akavuta fungu la kwanza. Unga ukammwagikia usoni. Wasikilizaji, yule ni mwokaji mikate. Anaujua unga. Alijua mara moja kilichotokea kabla hata hajafumbua macho. Akavuta fungu la pili, na la tatu. Yote yalikuwa magunzi na vumbi, na fukusi wakitembea mikononi mwake.

"Nilitamani anitukane," Abdulaziz aliniambia. "Hakunitukana. Alisema, si wewe, baba. Mimi ndiye niliyewekeshwa."

Kutoka siku ile mama hakula vizuri. Alikuwa akiliangalia paa. Na kule nje mawingu yalianza kujikusanya upande wa baharini, na majirani walikuwa wanachimba mashimo.

Abdulaziz akaanza kuwatafuta wote waliowahi kupewa ile mbegu. Alizunguka Waa. Alikwenda Kinondo. Alifika mpaka Lunga Lunga, kwa binamu aliyeolewa huko. Kila mahali jibu lilikuwa lilelile: tulikuwa nayo, ukaja ule ukame wa miaka iliyopita, tukaila. Sasa tunapanda ya dukani. Kinondo mama mmoja alimpa chai na kumwomba radhi kana kwamba amemvunjia chombo.

Akabaki mtu mmoja ambaye hakumwendea, na alikuwa karibu kuliko wote. Ni jirani wa nyuma ya ua, Philister, ambaye wengi humwita Mama Griffin. Philister ametoka Vihiga. Anafua mashuka hotelini. Alipohamia Waa miaka minane iliyopita, Bi Mwanapili ndiye aliyempa mbegu na kumwonyesha namna ya kuitundika moshini. Walikuwa wakishinda pamoja.

Sasa ndipo anaporudi Karani. Miaka mitatu iliyopita aliingia bustani ya Philister siku ya Jumapili, wenyewe wako kanisani. Alikula safu nne za sukuma wiki, akamalizia na kitambaa cha mezani kilichokuwa kimeanikwa. Philister alimfunga kamba, akampeleka kwa mzee wa mtaa. Maneno yakatoka ambayo hayakustahili kutoka. Tangu hapo, salamu zikakatika. Na nyinyi mnajua, huku pwani kunyimana salamu si jambo dogo.

Palipotokea jambo la lazima, walizungumza kupitia mbuzi. Bi Mwanapili alisimama uani na kusema, "Karani, mwambie jirani kesho maji yatakatika." Na upande wa pili sauti ikajibu, "Karani, mwambie huyo mwenyewe nimeskia."

Basi Abdulaziz akapiga hodi kwa Philister. Hakujua aanzie wapi. Akaeleza tu: moshi, mafiga, unga. Philister aliingia jikoni kwake, ambako bado anapikia kuni, akakawia. Akatoka na mahindi matatu, meusi kwa masizi, kila moja limefungwa kitambaa cha rangi yake.

"Hii ni ya ule mwaka tulikosana," alisema. "Hii ni ya mwaka uliofuata. Hii ni ya juzi. Zote ni za mamako. Sasa ningezileta aje kwa mlango wake na hatuongei? Na kuzikula pia nikashindwa. Mimi nilikasirikia yeye, sikukasirikia mahindi yake."

Abdulaziz aliketi palepale kizingitini akalia. Ni mtu wa miaka arobaini na mmoja, na ameniruhusu niseme.

Alitaka ayabebe yeye. Philister akakataa. Aliyabeba mwenyewe, akazunguka ua, akayaning'iniza yote matatu kwenye ule msumari. Kisha akageuka aende zake, kama lilivyo sharti.

Sauti ikatoka ndani, nyembamba. "Mama Griffin."

Philister akasimama.

"Naongea na wewe. Karani amefungwa. Ingia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekawia."

Jumamosi yake walipanda. Bi Mwanapili alitolewa kwenye kiti, akafunikwa shuka mbili katika jua lile, na akaamrisha watu kama kawaida yake. Punje za ncha usipande, za kitako usipande, chukua za katikati. Lile hindi la mwaka wa kwanza huenda limechoka, tia punje nne nne. Kuku wote wafungiwe, maana kuku hufukua mbegu, na wasifunguliwe mpaka majani yatokeze. Abdulaziz alichimba, Philister akatia mbegu na kufukia kwa wayo wa mguu. Karani alipiga kelele zizini mchana kutwa.

Jumatatu adhuhuri mvua ikanyesha, ile mvua ya kwanza inayonukisha vumbi. Bi Mwanapili aliomba dirisha lifunguliwe.

Baada ya hapo ikawa ni kungoja. Kila siku aliuliza, "Zimetoka?" Kila siku mwanawe alikwenda shambani na kurudi na jibu la kweli. Jumamosi jioni aliuliza tena.

"Bado, mama."

"Basi kuku wasifunguliwe," alisema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tunayoyajua, ukiacha shahada.

Jumapili alfajiri, Philister alipita shambani akielekea kanisani. Akainama. Akatupa mkoba, akakimbia mpaka dirishani. "Mama! Mama Abdu! Zimetoka!" Bi Zainabu akatokeza mlangoni, na Philister akauona uso wake. Dada alikuwa ndiyo kwanza amemfunga marehemu kidevu.

Ningependa kuwaambia kwamba alisikia. Sitawadanganya, wasikilizaji wapendwa. Hakusikia. Alikwenda bila kujua kama ile amana imerudi ardhini au la.

Alizikwa siku ileile alasiri. Makaburi ya ukoo yako ng'ambo ya shamba, na njia fupi hukatiza katikati ya mahindi. Jeneza lilipotoka, Philister alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba na nguo zake za kanisani, mikono ameitandaza. Abdulaziz, aliyeshika mbele, alimwona. Akageuza bega, na wanaume wote wakageuka naye. Wakamzungusha mama njia ndefu, nyuma ya zizi, kupitia vichaka vilivyolowa. Huko Abdulaziz alijikwaa kwenye jiwe. Lilikuwa figa. Na watu walipokuja kufungua banda wachinje kuku wa kulisha wageni, aliwazuia. Waliozika walikula maharagwe, na hakuna aliyelalamika.

Juzi ilitimu arobaini, nami nilikwenda Waa kusoma nao hitima. Mahindi yamefika kiunoni. Safu za lile hindi la kwanza zina mapengo, nyingine zimejaa. Mbali na nyumba, Abdulaziz amejenga kibanda kisicho na kuta, na ndani yake amerudisha mafiga matatu na uchaga mpya. Kwa hiyo hakuna kifua kitakachoumia. Yeye atawasha moto akiwa mapumzikoni, na siku nyingine atawasha Philister. Nilimuuliza hindi la kwanza la mavuno litakwenda wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Kwake," akasema, akionyesha nyuma ya ua. "Sasa mbegu ni yake. Mimi ndiye niliyepewa."

Kwa Abdulaziz Tsuma, kwa Bi Zainabu Rai, kwa Mama Griffin ambaye leo nitamhesabu katika wafiwa, na kwa watu wote wa Waa: poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwanapili binti Rai, ampanulie kaburi lake, na awape subira.

Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu aliyekupa kitu, na mlango wake unaujua. Pengine mmekosana. Pengine mnazungumza kupitia mbuzi. Usingoje maneno mazuri yakujie, na hodi usibishe. Kitundike tu pale msumarini, ugeuke uondoke polepole, huku umetega sikio.