Mzee wa Sebuleni

Kwenye kiti cha nyuma cha basi la Sharafiya tulikuwa wanawake watatu, mimi katikati. Wale wawili hawakujuana, lakini Wakenya wakikutana Jeddah kujuana si lazima ndipo waongee.

"Madam wangu ni daktari, ametoka Poland," Jerioth alianza. "Sebuleni kuna picha ya rais wa zamani wa Marekani. Mimi naipanguza kila asubuhi nikidhani ni marehemu mumewe! Kumbe ndiye aliwasaidia wakatoka kwa wakomunisti. Akimtaja, machozi."

"Mamangu naye anamkumbuka kwa mahindi ya njano ya msaada aliyotuletea wakati wa njaa," Pauline akasema. "Machozi pia yalikuwepo, ila ya tumbo."

Jerioth alicheka. "Sasa dada, huyu madam ndiye alinitoa kwa kafili wangu wa kwanza, mwajiri aliyenifungia ndani. Anataka nikae miaka miwili tena bila kwenda nyumbani, na jibu anataka leo. Mtoto wangu kule Kitale ananiita anti kwa simu. Nitamkataliaje mtu aliyeniokoa?"

"Kwani yeye alihamia Marekani kumfulia huyo mzee wa picha nguo?" Pauline akauliza.

Nilijifanya natazama nje. Dirisha lilikuwa na pazia.

"Hakuhamia."

"Haya. Anampenda akiwa huku. Wewe pia mpende ukiwa Kitale."

"Ni rahisi kusema, si wewe utamtazama usoni."

Basi likasimama Aziziya, dereva akiwaharakisha wanaoshuka, "Yalla, yalla!" Jerioth akashuka; nilipofunua pazia nikamwona amenyoosha kidole kwenye kengele ya lango la madam wake. Tulipoondoka alikuwa bado hajaibonyeza.