Martina Aliyewafundisha Wajomba

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, hapa Morogoro mjini, Mlali, na ninyi wa huko juu ambako ukungu bado haujaondoka. Leo tunamkumbuka Martina Tomasi, na mnivumilie nikipaza sauti, maana mama huyu hakumbukwi kwa kunong'ona. Alilima karoti na kabichi juu ya Bigwa. Kwaya ilimpanga sauti ya pili, naye akaimba ya kwanza kila mwalimu alipogeuka. Amefariki wiki iliyopita kwa saratani ya matiti.

Lakini sikilizeni alivyopambana nayo!

Uvimbe aliugundua mwenyewe, akioga. Miaka hiyo mgonjwa wa saratani ya matiti kutoka milimani alikuwa na njia moja tu, Dar es Salaam. Kwenda huko alihitaji nauli, pa kulala na ndugu wa kumpikia. Wengi waliishia kwenye vikombe vya mitishamba. Ndipo serikali ikabadili utaratibu. Madaktari bingwa wakaanza kuja hospitali ya mkoa kwa zamu. Narudia, wasikilizaji: bingwa ndiye anakuja, humfuati wewe. Martina akapimwa, majibu yakasema saratani, na upasuaji ukapangwa kwenye zamu iliyofuata, zamu ya wiki moja.

Sasa hapo ndipo Uluguru ilipojionyesha. Kwetu huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno zito juu yake ni mjomba. Daktari Esther, bingwa wa upasuaji, alimwambia wazi, "Mama, sahihi tunayotaka ni yako." Martina akajibu, "Najua, daktari. Ila mjomba hajasema."

Mjomba ni mzee Anselmi, kaka wa mama yake, anayekaa mlimani kabisa. Walishampigia simu. Walishamweleza kila kitu. Hakushuka! Familia ikawa inamsubiri mjomba, na mjomba naye, kumbe, anasubiri kuitwa. Kwake yeye simu ni ya kuulizia bei ya karoti. Jambo la mwili wa mpwa wake lilitaka mtu aje, apige hodi, aketi, aseme. Basi wote wakangojana kwa heshima na adabu, huku wiki inakatika. Ikabaki siku ya mwisho. Wale madaktari wakiondoka, hakuna aliyejua watarudi lini.

Stefano, mume wa Martina, uvumilivu ukamwisha. Akapanda bodaboda hadi barabara ilipokwisha, akamalizia kwa miguu kwenye utelezi. Anasimulia mwenyewe: "Nimefika nina matope mpaka masikioni. Namkuta mjomba kibarazani, kavaa koti, kofia na viatu. Ananiambia, 'Mbona mmechelewa? Mimi nimevaa tangu Jumatatu!'"

Tangu Jumatatu, wasikilizaji! Mzee kila asubuhi anavaa, anakaa, anangoja mjumbe!

Wakashuka mbio. Mzee Anselmi hakuwahi kupanda bodaboda maishani mwake, na njia nzima alimgombeza dereva. Wakaingia wodini wanahema.

"Shikamoo, babu," daktari Esther akamwamkia.

"Marahaba. Mnamkata titi?"

"Tunaliondoa, babu, ili yeye abaki."

Mzee akamgeukia mpwa wake. "Basi abaki," akasema.

Martina akaangua kicheko, akaweka sahihi yake pale pale. Binti yake, Glory, anasema mama yake aliingizwa chumba cha upasuaji bado anamtania mjomba juu ya vile viatu. Ninavyosimulia hivi nafurahi kana kwamba nilikuwepo.

Jeraha likapona. Mionzi akaifuata Dar es Salaam, kwa sababu mionzi ilikuwa haijasogezwa huku mkoani, na jambo hilo alilisema katika kila mkutano wa kijiji hadi mtendaji akawa anamwita kabla hajanyoosha mkono. "Bingwa wa wiki moja tunashukuru," alikuwa akisema, "ila uvimbe hauna likizo."

Halafu akaanza kazi yake kubwa. Wengine waliwahubiria wanawake. Martina aliwaendea wajomba! Aliwavizia wakitoka misa ya Jumapili. Ijumaa alikwenda na jirani yake Mwanvita kuwangoja watoke msikitini. "Shikamoo mjomba. Mpwa wako akipata uvimbe, utakaa na viatu mpaka lini?" Wazee walicheka, kisha wakatulia na kuuliza maswali. Alifanya hivyo miaka sita, hadi ugonjwa uliporudi ukamshinda nguvu.

Juzi tulianua matanga. Mzee Anselmi akasimama katikati ya watu. "Mtoto huyu nilimchelewesha," akasema. "Alinisubiri mimi, na ugonjwa haukumsubiri yeye. Kuanzia leo, katika ukoo wetu, mtoto wa kike akihisi uvimbe asiningoje. Aende. Mimi nitamfuata huko huko."

Ndipo Glory akainuka, macho mekundu kwa kulia. "Babu, basi mimi naenda kesho."

Hakuna aliyekuwa anajua kwamba naye ana uvimbe. Hata baba yake hakujua. Jana Glory alikwenda, daktari amechukua kipimo, na majibu tunayangoja pamoja naye. Lakini kauwahi, wasikilizaji! Uvimbe wake ni mdogo, na kauwahi!

Pole sana Stefano. Pole Glory, pole mzee Anselmi na ukoo wote, pole kwaya yetu iliyopungukiwa na sauti. Mungu ampumzishe Martina. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize usiku wa leo: katika nyumba yangu, nani ananyamaza na maumivu kwa sababu anangoja nitamke neno? Mwambie aende. Na wewe mama uliyejigusa ukashtuka, ukasema utaangalia baada ya mavuno, kesho asubuhi shuka hospitali. Kabichi haitakimbia.