Udongo wa Kibumba

Jirani yetu Uwizeye, hapa kambini Kibati, anadai kama alipeleka watoto wake kutembea ku shamba la masista, na mutoto wake mukubwa alipoona kiazi kinatoka mu udongo, alikimbia akilia kama ni panya.

Habari hiyo mama Athanasie, wa hapa kambini naye, alikuwa anaelezea papa mumoja wasiyejuana, mbele yangu ndani ya taxi-bus ya kwenda Goma mjini. "Na mimi natafuta fasi ya kupeleka watoto wangu," alisema. "Walizaliwa huku, juu ya mawe ya volkano. Kwao kiazi kinatoka mu mufuko."

"Peleka ku ziwa, mama," papa alisema. "Ziwa ni bure."

"Ziwa litawafundisha kulima? Vita ikiisha, nirudi kwetu Kibumba, ku mashamba, na watu wanaoogopa viazi?"

Tulicheka wote. Yeye hakucheka.

Papa akaanza kujisifu, kama wanaume wanavyofanya wakishindwa. Nyuma ya nyumba yake, ku kartie ya Katindo, alimwaga udongo juu ya mawe, na sasa viazi vimekomaa. "Udongo mweusi, mama! Wa kwenu Kibumba. Nilileta kamyo Fuso nzima, mbele vita ianze."

Mama Athanasie alitazama viatu vya yule papa, kama vile udongo ungekuwa ungali pale.

"Basi papa, dimanche, siku ya Mungu, niwalete watoto. Wachimbe kiazi kimoja tu, halafu tutakirudisha mu udongo."

Taxi-bus ikasimama Katindo. Papa alishika mulango, lakini hakuufungua.